Daktari wa Dakika Moja: Kasoro Kubwa ya Filamu za Misukule

Mpangilio wa filamu ya misukule haubadiliki sana. Kijana anaanguka ghafla, anazikwa siku hiyo hiyo, mama yake anazimia makaburini, na usiku wa tatu kamera inahamia shambani. Huko marehemu analima bila kusema neno, uso umepakwa unga, ulimi umekatwa, macho hayapepesi, na bibi mmoja aliyejifunga kaniki anamsimamia akiwa na usinga mkononi. Chakula chake ni pumba. Kaburini, kama kila mtazamaji anavyojua kabla hajaambiwa, umezikwa mgomba. Filamu za namna hii zimeoneshwa kwa miaka mingi katika vibanda vya video vya nchi nzima, na wakazi wa Nambilanje, kata ya wakulima wa korosho na ufuta wilayani Ruangwa, jirani na Nachingwea, hawahitaji kufafanuliwa kinachoendelea. Kusini kiumbe huyo ana jina lake, ndondocha, na jina hilo lilitamkwa jikoni na jandoni muda mrefu kabla jenereta ya kwanza haijawasha televisheni kijijini.

Kuzicheka filamu hizi ni kazi nyepesi. Usiku wake una vivuli vya saa saba mchana. Damu ni nyekundu mno na haigandi. Msukule aliyekaa kaburini miezi sita ana saa mkononi. Mlio wa pikipiki unapita katikati ya tukio la kutisha kuliko yote, na radi za kompyuta hupiga pale ambapo mtunzi alikosa la kusema. Hadithi ya nusu saa hunyoshwa kwa safari ndefu za gari na mazungumzo ya sebuleni ili itoke sehemu ya kwanza na ya pili, kwa kuwa sehemu mbili huuzika kuliko moja. Tangu Mussa Banzi aoneshe kwa filamu zake Nsyuka na Shumileta, katika miaka ya kwanza ya karne hii, kwamba hadithi za kutisha za Kitanzania zina soko, wengi wamefuata njia hiyo wakiwa na kamera moja, siku chache za kupiga picha na fedha za mfukoni. Wanastahili heshima yao. Anayetengeneza filamu kwa akiba yake, kisha akaiona ikinakiliwa kiharamia kabla gharama hazijarudi, si mtu wa kudharauliwa.

Hata hivyo, umaskini wa bajeti hauwezi kubeba lawama zote. Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitengeneza Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000, kiasi kidogo mno kwa sinema ya nchi ile. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Karibu kila zombi aliyekuja kuonekana katika sinema za dunia ni mjukuu wa filamu hiyo. Sehemu kubwa yake ni watu wachache waliojifungia ndani ya nyumba moja wakibishana wafanye nini, na ubishi huo ndio unaomshika mtazamaji, kwa sababu mtengenezaji aliutazama kwa makini namna hofu inavyowageuza majirani. Kutazama kwa makini hakuhitaji mfadhili. Filamu za misukule zina hofu ya kutosha, ila hazimtazami mgonjwa.

Kasoro hiyo hujitokeza katika tukio ambalo kwa kawaida halizidi dakika moja, nalo ni la hospitali. Kabla ya kijana kufa, au baada ya kuokotwa akizurura, ndugu humfikisha kwa daktari. Daktari huyu ana koti jeupe lililonyooshwa pasi na stethoskopu isiyogusa kifua cha mtu. Hapimi joto, hamuliki mboni za macho, haulizi maradhi yalianza lini wala kama yuko mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua vile. Anavua miwani, anatikisa kichwa, anasema vipimo vyote havioneshi kitu na kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Kisha filamu inahamia kwa mganga, ambako itakaa saa nzima. Kwa mganga kuna maswali, kuna historia ya ukoo, kuna mtu anayemshika mgonjwa mkono. Mtazamaji aliyeketi kwenye benchi anaondoka na somo ambalo pengine mtunzi hakulikusudia, kwamba hospitali ni kituo cha kupitia tu, kama pale basi linaposimama ili abiria wanunue karanga.

Uzito wa somo hilo unaonekana vizuri ukiutazama ulimi. Katika imani ya msukule, ulimi hukatwa ili aliyechukuliwa asiweze kumtaja aliyemchukua. Ndiyo maana filamu hupenda kukisogelea kinywa chenye damu, na kibanda kizima hushusha pumzi. Kwa tabibu, ulimi wenye jeraha una habari nyingine. Mtu anapopatwa na mshtuko mkubwa wa kifafa, misuli ya taya hukaza ghafla na meno huuma ulimi, mara nyingi ubavuni. Mshtuko ukipita, mgonjwa anaweza kukaa dakika kadhaa, wakati mwingine saa, akiwa amechanganyikiwa. Haitiki akiitwa, hawatambui wanaomzunguka, na anaweza kuinuka akatembea asikokujua huku mate yenye damu yakimtoka. Jeraha la ubavuni mwa ulimi ni miongoni mwa dalili zinazomsaidia sana mtaalamu kutofautisha kifafa na kuzimia kwa namna nyingine. Kwa aliyelelewa na filamu, ni alama ya kisu cha mchawi. Kinywa ni kile kile, ila katika chumba kimoja mgonjwa ataandikiwa fenobarbitoni na katika chumba kingine atachanjwa chale.

Kifafa si jambo la pembeni nchini. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofika Mahenge karibu na mwaka 1960 aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa waliotengwa na jamii zao, baadhi wakiwa na makovu makubwa ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni ndugu waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa kwa mate. Alianzisha kliniki kwa ajili yao na akaendelea kuwafuatilia kwa miaka mingi. Tafiti za baadaye, zikiwamo za Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, zimeonesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye kifafa vijijini hawakuwa wakipata dawa. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kati ya takwimu hizo mbili kuna vijana wengi wanaolala nje ya dawa ya bei nafuu, na baadhi yao wamepelekwa kote isipokuwa zahanati.

Ulimi ni mfano mmoja tu. Mtoto aliyepona malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo anaweza kubaki kiziwi, mzito wa kuelewa, au bila maneno aliyokuwa nayo. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayotawala lugha, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, mgonjwa hupoteza usemi huku ulimi wake ukiwa mzima kabisa. Anamtambua mwanawe, machozi yanamtoka, jina halitoki. Tezi ya shingo ikizembea, mwili hulegea, uso huvimba, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, na mtu husikia baridi wakati wenzake wanajipepea. Mwenye skizofrenia anaweza kuacha kuoga na kukata kucha, akajitenga, akatembea usiku akijibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Karibu kila pambo la msukule wa filamu lina mgonjwa wake halisi, na mgonjwa huyo ana mama, na mama huyo huenda alikuwa kibandani jana.

Kuna hali moja inayofanana na msukule kuliko zote, nayo ni katatonia. Mgonjwa hukaa au husimama bila kusogea kwa saa nyingi, halii, haongei, hali chakula, na ukiuinua mkono wake unaweza kubaki hewani ulipouacha. Hali hii huweza kuletwa na sonona kali, skizofrenia, maambukizi ya ubongo au maradhi mengine ya mwili, na isipotibiwa inaweza kuua kwa njaa, kiu au damu kuganda miguuni. Ni ya hatari, lakini pia ni miongoni mwa hali zinazoitika matibabu kwa namna ya kushangaza. Dawa za kundi la diazepamu, zikitolewa na mtaalamu, mara nyingi humfungua mgonjwa ndani ya saa au siku chache, kisha matibabu ya kilichosababisha hali hiyo huendelea. Mtu ambaye juma zima hakutamka neno anaomba maji. Mtengenezaji wa filamu anayetafuta tukio la mfu kurejea miongoni mwa walio hai analo hilo, na gharama yake ni chumba kimoja, kitanda kimoja, muuguzi mmoja na mama mmoja anayesikia sauti ya mwanawe. Ajabu ni kwamba halijazoeleka katika filamu hizi, wakati kaburi linalopasuka kwa moshi wa kompyuta limechosha.

Imani yenyewe haifai kudharauliwa, kwa sababu imejengwa juu ya majonzi. Kifo cha ghafla cha kijana hakikubaliki kirahisi popote. Kuamini kwamba hakufa, kwamba yuko mahali fulani analima shamba la mtu na huenda siku moja akaonekana sokoni, ni maumivu yaliyochanganyika na tumaini, na mfiwa anaweza kuyashika yote mawili kwa miaka. Filamu huliuza tumaini hilo bila kuuliza litampeleka wapi anayelinunua.

Haiti, kisiwani Karibi, ndiko neno zombi lilikotokea kabla halijachukuliwa na sinema za Marekani, na huko swali hilo liliulizwa kitabibu. Mwaka 1997 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa Roland Littlewood wa Uingereza na Chavannes Douyon wa Haiti juu ya watu watatu ambao familia zao zilisadiki kwamba walikufa, wakazikwa, kisha wakarudi wakiwa mazombi. Wachunguzi hawakuanza kwa kuwakejeli wenyeji. Waliwapima wagonjwa. Mmoja alikuwa na skizofrenia ya namna ya katatonia, wa pili alikuwa na maradhi ya ubongo pamoja na kifafa, na wa tatu alikuwa na ulemavu wa kujifunza. Kipimo cha vinasaba kikaongeza jambo zito zaidi: wawili kati yao hawakuwa ndugu wa familia zilizowapokea. Walikuwa wagonjwa wa akili waliopotea njia, wakaonwa na wafiwa waliotamani mno kumwona mtu wao, wakapewa jina la marehemu. Katika moja ya kesi hizo, ndugu mmoja wa familia alikwisha kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kumgeuza zombi kijana ambaye, kama kipimo kilivyoonesha, hata hakuwa wa ukoo ule.

Hapo pana majeruhi watatu, na inafaa kuwahesabu. Yupo mgonjwa anayekosa tiba. Ipo familia iliyompoteza, inayomtafuta wilaya nyingine huku yeye akiitwa jina la mtu mwingine. Na yupo anayetuhumiwa. Katika filamu za Kitanzania mtuhumiwa ana sura moja isiyobadilika, bibi mzee, mjane, maskini, mwenye macho mekundu. Macho mekundu hutokana na moshi wa kuni wa miaka hamsini, na wakati mwingine na trakoma, ugonjwa ambao Serikali imekuwa ikiupiga vita kwa ugawaji wa dawa katika wilaya nyingi. Nchi hii imewazika wanawake wazee waliouawa kwa sababu ya rangi ya macho yao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mtayarishaji anayempaka mwigizaji wake rangi nyekundu kwenye kope huenda anafikiri anapamba hadithi tu.

Itadaiwa kwamba hospitali haina mvuto, kwamba hakuna atakayelipa kiingilio kumwona tabibu akijaza fomu. Wilaya ya Ruangwa yenyewe inalo jibu. Tarehe 5 Julai 2022, katika Kituo cha Afya cha Mbekenyera, walipokewa wagonjwa wawili wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na ugonjwa wao haukufanana na uliozoeleka. Taarifa ikapelekwa ngazi za juu, timu ya wataalamu ikatumwa, sampuli zikapimwa. Haikuwa Ebola, haikuwa Marburg, haikuwa UVIKO-19. Hadi katikati ya mwezi wagonjwa walikuwa wamefikia 20, na watatu kati yao walifariki. Tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakamwingia mtu kupitia michubuko ya ngozi au utando wa macho, pua na mdomo, hasa anapogusa maji au udongo uliochafuliwa. Unatibika kwa antibiotiki kama doksisaikilini na penisilini, na hutibika vizuri zaidi ukiwahiwa.

Mtunzi gani wa filamu za kutisha angepata mwanzo mzuri kuliko huo? Watu wanatoka damu puani, hakuna ajuaye kwa nini, nchi nzima inasikiliza redio. Na neno mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu, ni shamba. Kwa hiyo lilikuwapo kweli jambo lililojificha shambani, lenye uwezo wa kumwangusha kijana mwenye nguvu zake, na aliyelifichua alikuwa mhudumu wa kituo cha afya cha kijijini aliyeona wagonjwa wasiofanana na wa kila siku, akaandika, akapiga simu. Katika filamu ya kawaida ya misukule mhudumu huyo angepewa dakika moja na sentensi moja, na sentensi hiyo ingekuwa kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Wagonjwa wa Julai ile wangepelekwa wapi?

Mazombi ya kigeni nayo yamefika vijijini, yakisimuliwa kwa Kiswahili na wafasiri wa vibandani waliofuata nyayo za Lufufu, na yana kasoro yake. Huko anayeng'atwa hugeuka ndani ya dakika chache, na rafiki zake humuua kwa huruma. Ugonjwa halisi unaoenezwa kwa kung'atwa, kichaa cha mbwa, huenda kinyume kabisa. Baada ya kung'atwa, dalili huchukua kwa kawaida wiki kadhaa au miezi miwili mitatu kujitokeza, na muda huo ndio wa kumwokoa mtu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa awahishwe kituoni kwa chanjo, amalize dozi zote hata kama kidonda kimekauka. Dalili zikishaanza, tiba karibu haipo. Mkoa wa Lindi ulikuwa ndani ya eneo la kusini-mashariki ambako mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ulianza mwaka 2010, kwa hiyo jambo hili si geni kwa wafugaji wa mbwa wa Nachingwea na Ruangwa. Filamu inamfundisha mtazamaji kwamba aliyeng'atwa amekwisha. Aliyeng'atwa hajaisha, ana muda, na muda ndio kitu ambacho filamu ya bei rahisi haijui kukionesha.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Daktari wa dakika moja hakubuniwa na waandishi wa filamu. Wapo wagonjwa waliosafiri kwa bodaboda kutoka kitongojini, wakalipa nauli ya mavuno, wakakaa foleni tangu alfajiri, na walipoingia chumbani wakakuta mtu asiyeinua macho kutoka kwenye daftari. Wapo walioambiwa kwamba vipimo havioneshi kitu, wasielezwe kwamba kifafa na skizofrenia hutambuliwa hasa kwa maelezo ya mgonjwa na ya waliomwona, na kwamba kipimo cha malaria kisicho na kitu hakimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Wapo waliopewa dawa za kifafa za mwezi mmoja, na mwezi wa pili wakakuta rafu tupu, mishtuko ikarudi kwa kishindo, na jirani akapata la kusema. Na wapo watumishi wa afya, waliosoma wakafaulu, ambao mgonjwa wa akili akiwachosha husema kwa sauti ya chini kwamba labda ajaribiwe kwingine. Sentensi ya filamu imetoka humo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo, Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma, lakini kwa mama wa Nambilanje mfumo wote wa afya ni yule mtu mmoja aliye mezani siku ile na dakika anazompa.

Kwa sababu hiyo, kupiga marufuku filamu hizi hakutasaidia. Bodi ya Filamu inaweza kuzuia mkanda, haiwezi kuzuia hadithi inayosimuliwa mkekani, na mkanda uliozuiwa huuzika zaidi. Jambo lenye manufaa ni kulirefusha tukio la hospitali. Uhusiano wa sinema ya bei ndogo na afya katika nchi hii ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, milimani Usambara, ulitengeneza filamu fupi 35 zilizozungushwa kwa gari katika makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati, na ugonjwa wa safura ulikuwa miongoni mwa mada zake. Filamu zile zilikuwa na kiburi cha kikoloni cha kumfundisha mtu mzima kama mtoto, na kiburi hicho hakifai kurithiwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanya vizuri zaidi bila hata picha. Iliweka redio katikati ya kikundi cha wanakijiji, wakasikiliza, wakajadiliana wenyewe, wakachimba vyoo.

Mtayarishaji wa leo hahitaji kuhubiri. Aache bibi wa kaniki apumzike filamu moja. Aombe ruhusa ya kupiga picha katika zahanati halisi, hata kwa saa mbili za jioni, na amwombe tabibu au muuguzi asome mswada kabla. Hofu ibaki, maana watazamaji wameifuata na wana haki nayo. Kuna hofu ya kutosha katika kumwona kijana akianguka kando ya mafiga huku watu kumi wakirudi nyuma na mmoja tu akisonga mbele kumwondoa motoni. Watumishi wa afya nao wasingoje kualikwa. Chuo kinachofundisha madaktari kinaweza kabisa kufungua mlango kwa mtunzi wa filamu, kama kinavyomfungulia mwandishi wa habari.

Nambilanje na kwingineko, akionekana mtu asiyejulikana, asiyesema, aliyechakaa, anayetembea bila kujua aendako, apewe maji na kivuli, na uongozi wa kijiji uarifiwe. Asifungwe kamba, asipigwe, asilazimishwe kutaja jina. Asitangazwe kuwa ni marehemu wa familia yoyote, hata kama sura imefanana, hata kama mama fulani amelia alipomwona. Afikishwe zahanati aangaliwe joto, sukari, malaria na majeraha, kisha apelekwe kituo kikubwa zaidi, wakati viongozi wakiulizia wilaya jirani na redio za mkoa ni nani aliyepotelewa na ndugu. Na kijana anayeanguka kwa kifafa alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asiwekewe kijiko wala kidole kinywani, na saa itazamwe. Mshtuko ukipita dakika tano, au ukifuatiwa na mwingine kabla hajazinduka, akimbizwe hospitali. Akishaanza dawa asiache bila kushauriwa na mtaalamu, hata akikaa mwaka mzima bila kuanguka. Fenobarbitoni, kwa watu wazima wengi, hunywewa mara moja kwa siku, usiku kabla ya kulala.